Hobi ya Wanachama

Mwezi uliopita tulikuwa tunakunywa kahawa baada ya kazi, televisheni ya mgahawa ikaanza kuonyesha gofu. Rafiki yangu mmoja akaomba wabadilishe chaneli. "Hiyo siyo spoti," alisema. "Ni matembezi ya watu wenye vitambi. Mtu anapiga mpira, anapanda kigari, anaufuata, anapiga tena. Spoti gani unaicheza umevaa mkanda wa ngozi?" Meza nzima tukacheka. Mimi pia nilicheka, maana jamaa anajua kuchekesha. Kisha nikanyamaza mpaka bili ilipoletwa, na hapa nalipa deni la ule ukimya.

Gofu ni spoti. Na ninyi mnaosema ni hobi, hata mnaposema ili kuwakebehi matajiri, mnawafanyia matajiri hao kazi bila ujira.

Hoja ya jasho niiondoe mapema, ingawa kwangu ingekuwa rahisi kuitumia. Nilipomaliza kidato cha nne, nikisubiri matokeo, nilibeba mabegi kwenye klabu moja ya gofu mkoani kwetu. Begi linaruhusiwa kuwa na fimbo 14, na wenye nazo hawapunguzi hata moja. Ongeza mwavuli, maji, mipira, koti la mvua la mtu ambaye hajawahi kucheza kwenye mvua. Uwanja ulikuwa wa mashimo tisa, tukiuzunguka mara mbili kupata 18, saa nne hivi, kupanda na kushuka. Bega langu la kulia hadi leo liko chini kidogo kuliko la kushoto, na fundi cherehani akinipima huniambia nisimame wima.

Kwa hiyo jasho lilikuwepo. Lakini lilikuwa langu, si la mchezaji. Kama jasho ndilo linalotengeneza spoti, basi mwanamichezo pale uwanjani nilikuwa mimi, na mshindani wangu alikuwa kijana wa toroli la maji sokoni.

Marekani jambo hili lilifika hadi Mahakama Kuu ya nchi. Casey Martin, mchezaji wa kulipwa, alikuwa na ugonjwa wa mzunguko wa damu kwenye mguu wa kulia, kutembea uwanja mzima kukawa mateso na hatari. Aliomba atumie kigari. Waendeshaji wa mashindano, PGA Tour, wakakataa: kutembea, walisema, ni sehemu ya mchezo wenyewe. Mwaka 2001 majaji saba dhidi ya wawili wakampa Martin haki. Walisema kiini cha gofu ni kupiga mpira, siyo kutembea, na wakakumbusha ushahidi uliotolewa kwamba kuzunguka uwanja mzima kunaunguza kalori 500 hivi, pungufu ya Big Mac moja. Rafiki yangu akisoma hukumu hiyo atashangilia: si nilisema? Lakini aisome tena. Mahakama haikusema gofu ni rahisi. Ilisema ugumu wake uko kwingine.

Uko wapi? Shimo lina upana wa milimita 108. Halijui jina lako, wala cheo chako, wala aliyekuleta. Mpira umetulia, hakuna mtu wa kumlaumu, hakuna refa wa kumzonga, hakuna beki aliyekuvuta jezi. Mlenga shabaha naye husimama tu, na hakuna anayemwambia arudi nyumbani akatafute spoti. Tunachomheshimu ni ule mkono usiotetemeka wakati kila kitu kinautaka utetemeke. (Sitaji Olimpiki kama ushahidi. Gofu ilikuwemo 1900 na 1904, ikarudi Rio 2016, lakini hata kuvutana kamba kuliwahi kuwa mchezo wa Olimpiki.)

Ni kweli kwamba kwa watu wengi gofu ni hobi. Niliwabebea mabegi, nawajua. Kuna mzee aliyekuwa akisukuma mpira kwa kiatu kutoka kwenye majani marefu, kisha ananiuliza, "Kijana, hapa ni mkwaju wa tatu, siyo?" Ulikuwa wa tano. Nilijibu, "Ndiyo, mzee," maana ujira wangu ulikuwa mfukoni mwake. Kwake ilikuwa starehe ya Jumamosi, na sina ugomvi na starehe ya mtu. Ila mjomba wangu naye hukimbia asubuhi kupunguza kitambi, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa sababu ya mjomba, Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 alikuwa kwenye hobi yake.

Nije sasa kwenye kilichoninyamazisha.

Kati yetu wabeba mabegi kulikuwa na kaka mmoja wa makamo, sote tukimwita Braza. Alianza kubeba akiwa mtoto. Hakuwa na seti ya fimbo, alikuwa na tatu zisizofanana, moja ilishakatika shingo ikaungwa kwa kulehemu. Jumatatu uwanja ulikuwa wetu, klabu ikiwa imefungwa kwa wanachama, na Jumatatu Braza alikuwa mtu mwingine. Hakuongea. Alichuchumaa karibu na shimo, akalala kama anayechungulia chini ya mlango, akasoma mteremko ambao mimi sikuuona hata aliponionyesha kwa kidole. Kipimo cha uwanja ule kilikuwa mikwaju 72 kwa mizunguko miwili. Jumatatu moja ya Novemba, kwa fimbo tatu na moja ya kuazima, Braza alipiga 72.

Mwezi uliofuata klabu ilikuwa na mashindano. Yaliitwa mashindano ya wazi. Tulimshawishi Braza akaombe kushiriki, na mimi nikamsindikiza ofisini kwa sababu nilikuwa na kidato cha nne na ilidhaniwa nitajua kuongea. Katibu hakuwa mtu mbaya. Alitukaribisha viti. Alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasema, "Vijana, hapa watu wanakuja kupumzika. Hii ni hobi ya wanachama, siyo Ligi Kuu."

Braza akasema, "Sawa, mzee. Shikamoo." Alikuwa ameshamwamkia tulipoingia.

Siku ya mashindano alibeba begi la mtu aliyeshinda. Alimchagulia kila fimbo, akamwonyesha kila mteremko. Yule bwana alishinda kwa mikwaju 79.

Ndiyo maana neno hilo halinichekeshi. Hobi ni mali ya mtu, na mali ya mtu haina mlango wa kugonga. Huwezi kumwambia jirani kwamba unamzidi kufuga njiwa, kwa hiyo akupe banda. Spoti ina swali moja ambalo mwenye uwanja hawezi kulikwepa: umepiga ngapi? Charlie Sifford, Mmarekani mweusi aliyeanza kwa kubeba mabegi Charlotte, alizuiwa kuingia PGA kwa kifungu cha katiba yake kilichosema wanachama ni watu weupe tu. Kifungu kilifutwa mwaka 1961, Sifford akiwa na miaka 39. Mwaka 1967 alishinda mashindano ya Hartford. Waliomfungia mlango nao walikuwa wakilinda uanachama. Alama zake hazikuwa na rangi.

Kuna swali la ardhi, na la maji yanayomwagiwa majani wakati mabomba ya mtaa yamekauka. Ni swali zuri, niulizeni siku nyingine, nitakuwa upande wenu. Lakini anayetaka uwanja ule uwe wa umma, ufundishwe watoto wa shule ya kata iliyo ng'ambo ya ukuta, anaanzaje kwa kukubali kwamba kinachofanyika ndani ni burudani ya wenyewe? Katibu na rafiki yangu wa kahawa hawajawahi kuonana. Mmoja anaipenda gofu, mwingine anaidharau. Wanatumia neno moja, na Braza yuko nje kwa wote wawili.

Kadi ya ile Jumatatu alikuwa nayo kwa muda mrefu, ameikunja ndani ya kitambulisho. Kwa kanuni za gofu, mtu hawezi kujithibitishia alama mwenyewe: lazima mwingine aliyezihesabu atie saini pembeni. Katibu aliigeuza geuza mkononi siku ile, akauliza hii saini ni ya mwanachama gani. Ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka 18, nilikuwa bado naifanyia mazoezi.