Madaktari Wapewe Nafasi ya Kujifunza

Daktari aliyehitimu Muhimbili mwaka 1995 alifundishwa kutibu malaria kwa klorokwini. Mwaka 2001 dawa hiyo iliachwa kwa sababu ya usugu wa vimelea, ikaja SP. Mwishoni mwa 2006 SP nayo ikaipisha dawa mseto. Ni haki, basi, kwamba siku hizi daktari hudaiwa uthibitisho wa kuendelea kujifunza ndipo leseni yake ihuishwe. Lakini semina za mahoteli ya mjini, ambazo baadhi huzihudhuria kwa kufuata posho, hazimfai daktari aliye peke yake wilayani. Masomo kwa njia ya simu yanaweza kumfikia. Wahusika hawana budi kumtengea pia saa za kuyasoma, ndani ya muda wa kazi.