Bule: Kinyonga aliyegeuka mweusi si mchawi, pengine ana kiu

Mashariki mwa Kongo, kinyonga ni nyama anayeogopwa kuliko nyoka wengi, ingawa hana sumu yoyote. Huko Bule, wilaya ya Djugu, mtoto akimfunga kinyonga kamba mguuni na kumfuga, wakubwa wanaweza kunyamaza. Lakini siku kinyonga anapogeuka mweusi na kufumba macho mchana, maneno ya uchawi huanza, na wa kwanza kutazamwa vibaya ni mtoto mwenyewe.

Hilo si jambo dogo. Kongo ina sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inayoadhibu mtu anayemtuhumu mtoto uchawi, kwa sababu watoto wengi walifukuzwa nyumbani kwa tuhuma za namna hiyo. Uvumi, hata hivyo, unafika kijijini mbele ya sheria. Afadhali wazazi wajue kutambua ugonjwa.

Weusi peke yake hautoshi. Asubuhi ya baridi kinyonga hujifanya mweusi ili avute joto la jua. Akiogopa pia hubadilika. Anayebaki mweusi siku nzima ndiye wa kuhangaikia. Macho yaliyozama ndani ni kiu: kinyonga hanywi maji ya bakuli, anaramba matone kwenye majani, kwa hiyo anaweza kufa kwa kiu kando ya maji. Mavi yake yana sehemu nyeupe. Ikiwa ya manjano iliyokolea au rangi ya machungwa, ni kiu ileile. Akiinua kichwa na kuachama huku pumzi ikitoa sauti, mapafu yanaumwa, isipokuwa kama aliachwa kwenye jua kali, maana hapo anaachama kwa joto. Miguu iliyopinda na taya laini ni mifupa iliyokosa chokaa na jua. Na mguu uliovimba? Watu watafute kamba kwanza.

Kuna watakaouliza kinyonga ni nini katika fasi ambayo kambi yake ya wahame, Plaine Savo, ilishambuliwa Februari 2022 na zaidi ya watu 50 wakauawa. Swali ni la haki. Lakini jamii iliyojaa hofu ndiyo inayotafuta haraka wa kulaumiwa. Tena jicho linalosoma kinyonga ndilo linalosoma mbuzi na kuku: nyama hawa wote huficha ugonjwa mpaka wanapochoka, na mfugaji anayengoja mbuzi aanguke amechelewa, hasa pale ambapo mganga wa mifugo yuko mbali.

Jambo lingine wakaaji wachache wanalijua: mwaka 2012 wataalamu, miongoni mwao Wakongomani, walitangaza aina mpya ya kinyonga kutoka nyanda za juu za Lendu, papo hapo Ituri. Waliiita Kinyonga gyrolepis, na sehemu ya kwanza ya jina hilo ni neno la Kiswahili. Biashara ya kuvusha nyama hao mipaka inadhibitiwa na mkataba wa CITES, ambao Kongo imejiunga nao.

Vinyonga wa milimani wamezoea ubaridi na ukungu. Ndani ya nyumba ya bati, au akipelekwa Bunia kuuzwa, hadumu. Kwa aliyekamatwa jana na leo amefumba macho, dawa ya kwanza ni kukata kamba, kunyunyizia majani maji, na kumrudisha kwenye mti uleule kabla jua la saa sita halijawaka.