Staji si Muhuri



Kila mwaka wanafunzi wenzetu wengi huingia katika mazoezi ya kazi, ambayo sisi wa Bujumbura tumezoea kuyaita staji. Na kila mwaka nasikia malalamiko yale yale. Mmoja husema alitumwa chai mwezi mzima. Wa pili husema hakuoneshwa mashine hata moja. Wa tatu hana neno. Yeye alitaka karatasi yake ipigwe muhuri tu, na imepigwa. Mimi nalikuwa katika kundi hilo la tatu. Leo nataka kueleza kwa nini nimegeuka, kisha niwaombe wanafunzi na wanafunzi wa zamani jambo moja.

Nalipelekwa katika shirika moja la utafiti linalochunguza maji na udongo. Barua ilipofika nalifurahi mno, nikanunua kalamu mbili na shati jeupe, maana nalidhani nitaketi mbele ya kompyuta katika chumba chenye ubaridi. Siku ya kwanza nikakabidhiwa kwa mzee mmoja mpimaji, mtu wa maneno machache. Akanipa daftari, penseli, utepe wa kupimia na viatu vya mpira. Nikauliza kazi yangu itakuwa wapi. Akajibu, "Kwenu, Kanyosha." Naona haya kusema kwamba moyo wangu ulivunjika.

Ajuaye Kanyosha ajua habari za mto wake. Nyuma ya mji wetu milima yapanda hata kupita mita 2000 juu ya usawa wa bahari, na ziwa letu la Tanganyika liko chini kwenye kama mita 775. Na masafa baina yake si marefu. Basi maji hayateremki, bali huporomoka. Wakati wa kiangazi mtoto aweza kuvuka mto wa Kanyosha asiloweshe magoti. Mvua kubwa ikinyesha milimani, mto huo huo huja na mawe, magogo na udongo mwekundu, ukapita chini ya barabara iendayo Rumonge kwa kishindo, na kila mwaka hula kingo zake. Makorongo yamesogea hata kwenye nyua za watu. Wala si mto huu peke yake. Usiku wa tarehe 9 Februari mwaka 2014 mafuriko yaliingia mitaa ya kaskazini ya mji, yakaua watu zaidi ya 60, na maelfu wakakosa makao.

Kazi zangu zilikuwa tatu. Ya kwanza, kila siku saa moja asubuhi, kusoma kipimamvua na kuandika milimita. Ya pili, kusoma ubao wenye alama uliosimamishwa mtoni, nijue kimo cha maji. Ya tatu, kila Ijumaa kupima kwa utepe kutoka vigingi vilivyopigwa ardhini hata ukingo wa korongo. Kigingi cha nne kilikuwa karibu na jiko la mama mmoja mjane. Kila nilipovuta utepe alitoka mlangoni, akaniuliza, "Mwanangu, leo imebaki ngapi?" Ijumaa ya kwanza nalimwambia mita 9 na sentimita 40. Alishukuru kama mtu aliyepewa salamu, akarudi kwenye chungu chake. Mimi nalijiona karani wa matope.

Ikaja Jumamosi moja kulikuwa na arusi ya jamaa yetu Buyenzi. Nalikwenda, nikalala huko, na usiku ule mvua ikanyesha sana. Jumapili sikwenda kupima. Jumatatu nilipofungua chombo nalikuta milimita 64. Nikajua kwamba nimeikosa siku moja. Nikafikiri kidogo, nikaona njia nyepesi: nikagawa kwa mbili, nikaandika 32 Jumapili na 32 Jumatatu. Hesabu ilikuwa sahihi, jumla haikupungua hata tone moja, na ukurasa ulipendeza.

Yule mzee aliutazama ukurasa muda mfupi tu. Kisha akaleta daftari la kituo cha juu mlimani, ambalo huandikwa na mtu mwingine. Humo Jumapili palikuwa na 70, na Jumatatu palikuwa na sifuri. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Kijana, ilinyesha usiku wa kuamkia siku gani?" Nikasema, "Usiku wa Jumamosi, mzee." Akasema, "Mvua uliyoipima, iandike. Ambayo hukuipima, andika kwamba hukuipima." Kisha akanieleza maana yake, na maelezo hayo ndiyo yaliyonifundisha zaidi kuliko vitabu vyote nilivyobeba.

Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Chukueni uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 60. Mvua ya milimita 64 juu ya uwanja huo ni lita 384,000, yaani tani 384 za maji. Hayo ni ya uwanja mmoja. Sasa fikirini mlima mzima. Mhandisi ajengaye daraja, au apangaye vile vizimba vya waya vilivyojazwa mawe ili kuzuia ukingo, haulizi mvua ya mwaka tu. Huuliza pia: mvua iliyo kubwa kupita zote katika siku moja ni ipi? Mimi nalikuwa nimeichukua mvua moja kali nikaifanya mvua mbili za kawaida. Kwa penseli yangu nalikuwa nimeifuta mvua ile ile ambayo daftari liliwekwa ili kuinasa. Na kama daraja lingepimwa kwa madaftari ya namna hiyo, lingejengwa dogo, na ambaye angelipa si mimi, bali ni yule mama wa kigingi cha nne.

Basi tarakimu zangu mbili zikakatwa kwa mstari mmoja, ili zisomeke bado, na pembeni nikaandika kwa mkono wangu: "Jumapili haikupimwa. Milimita 64 ni za siku mbili." Maneno hayo yangalimo daftarini. Ukurasa hauna uzuri tena, lakini ni wa kweli.

Tangu hapo nimesoma kidogo habari za kazi hii. Katika nchi ya Misri, kwenye kisiwa cha Roda mjini Cairo, kiko kipimo cha maji ya Nili kilichojengwa mwaka 861. Makarani ambao majina yao yamesahauliwa waliandika kimo cha mto mwaka baada ya mwaka, kwa karne nyingi. Mwaka 1951 mtaalamu wa maji Mwingereza, H. E. Hurst, alitumia hesabu hizo za kale kuonesha jinsi mabwawa makubwa yapasavyo kupangwa. Na hapa kwetu, maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2024 hata kukaribia mita 777, yakafurika nyumba za pwani, watu walitaka kujua kama mambo hayo ni mapya. Jibu lilipatikana katika vipimo: mwaka 1964 nao ziwa lilifika karibu na kimo hicho hicho. Aliyesoma ubao mwaka 1964 hakujua kwamba siku moja sisi tutamwuliza.

Najua wako watakaosema kwamba siku hizi kuna setilaiti, na simu yaweza kukuambia mvua. Ni kweli, na ni msaada mkubwa. Lakini setilaiti hukadiria kutoka mbali, na makadirio yake hupimwa na kusahihishwa kwa vyombo vilivyo ardhini. Tena katika milima yetu mvua yaweza kupiga kilima kimoja na kukiacha cha pili kikavu. Hapana budi awepo mtu wa kuamka asubuhi akatazama chombo.

Kwa hiyo haya ndiyo maoni yangu. Kwanza, kwa wakubwa wanaopokea wanafunzi: mpeni kila mmoja kitu kimoja cha kujibu yeye mwenyewe, hata kiwe kidogo. Atumwaye chai peke yake hajifunzi kosa lake, maana chai ikikosa sukari huongezwa. Pili, kwetu wanafunzi: tusidharau kazi kwa sababu haina mashine. Uzito wa kazi haumo katika chombo, umo katika yule anayeitegemea. Tatu, kwa walimu: ripoti ya staji isiwe kurasa 30 za kunakili historia ya shirika. Mwanafunzi aandike alichopima, alichokosea, na jinsi kilivyosahihishwa.

Na ombi langu ni hili. Shule yetu ina uwanja wa wazi. Wanafunzi wa zamani tuchangie kipimamvua kimoja na daftari lenye jalada gumu. Kiwekwe mbali na miti na mapaa, umbali usiopungua mara mbili ya kimo chake kila kilicho karibu. Wanafunzi wakisome kwa zamu kila asubuhi, na wakati wa likizo sisi tunaokaa Kanyosha tushike zamu, hata siku ya arusi. Haba na haba hujaza kibaba: baada ya miaka 20 shule itakuwa na hazina ambayo fedha haziwezi kuinunua, na kila aliyepita hapa atakuwa amejifunza kuandika "haikupimwa" bila haya.

Nimalize kwa yule mama. Ijumaa yangu ya mwisho nalimwambia, "Imebaki mita 8 na sentimita 10." Hakunishukuru mara moja. Alisimama akahesabu kwa vidole, kisha akasema atalivunja jiko kabla ya masika, alijenge upande wa barabara. Masika yalipokuja ukingo uliporomoka, na mahali pa jiko la zamani sasa ni hewa tupu. Mabati na masufuria yake yalikuwa yamekwisha kuhama. Karatasi yangu yenye muhuri sijui nimeiweka wapi, lakini ile mita 8 na sentimita 10 naikumbuka, kwa kuwa nalijua ni ya kweli.

Mwenye maoni mengine naye na aandike.

Wenu,
Mwanafunzi wa Zamani, Kanyosha