Kona ya Ufundi: Injini ya Zamani, Uzima Kwanza

Mwezi huu tunajibu swali la wanafunzi wanaopenda makenika: ukipata gari la zamani, unaanza kuongeza nguvu ya injini au kuitengeneza kwanza? Sisi tunasema itengenezwe kwanza.

Tuchukue Peugeot 504, ambayo wazee wengi wanaikumbuka. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1975 Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally kule Kenya. Sababu moja ya mafundi kuipenda ni slivu zake, yaani yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka. Zinazungukwa na maji, na zinatoka. Zikilika, unaweka slivu na pistoni mpya bila kupeleka bloku kuchongwa.

Kabla hujafungua chochote, angalia dalili. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ukishatoa hedi, usizungushe krankshafti kabla ya kuzibana slivu kwa bolti na washa. Zikiinuka, sili za chini zinaachia, na kazi inakuwa mara mbili.

Halafu pima. Slivu hulika zaidi upande wa juu. Hedi ni ya alumini, gari likichemka sana inapinda, kwa hiyo iwekee rula iliyonyooka uone kama kuna mwanga unapita. Wakati wa kufunga, slivu mpya lazima zisimame juu ya bloku kidogo sana, zisifikie hata milimeta moja, ili zibane gasketi. Vipimo kamili fuata kitabu cha injini hiyo.

Sasa nguvu. Injini ya kwanza ilikuwa ya sisi 1796, baadaye ikaja ya 1971. Mwendo wa pistoni ulibaki milimeta 81, upana ndio uliotoka 84 kwenda 88. Wanafunzi wa sekondari, shikeni kalamu: nusu ya upana kwa sentimeta, zidisha kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, kwa 8.1, halafu kwa silinda 4. Mtaona jibu linakaribia kabisa. Ndiyo maana tunawaambia hesabu si ya mtihani tu!

Kwa gari la barabarani, yanayofaa ni madogo: kabureta safi, rejeta isiyoziba, na mfumo wa umeme badala ya platini zinazolika. Kuchonga hedi sana ili upate nguvu ni hatari. Kwa petroli hafifu injini itagonga, na pistoni zinatoboka. Na breki je? Gari linalokimbia bila kusimama halijatengenezwa.

Wazazi, kuna familia zinauza mpaka mbuzi ili kijana anunue spea. Kabla ya kutoa hela, mwambieni awaonyeshe vipimo alivyoandika kwenye daftari. Akiwa hana, bado hajajua cha kununua. Akiwa navyo, huyo ameanza kuwa fundi, na kazi hiyo ataenda nayo popote tutakapofika.

Injini ikishawaka, iendesheni taratibu siku za mwanzo na kubadilisha oili mapema. Tuonane mwezi ujao.