Kipato cha kaunti Marekani: Takwimu zisisomwe kwa pupa

TAKWIMU zinapoonyesha kuwa kipato cha kaya katika kaunti ndogo ya Marekani kimepanda, swali la kwanza ni hili: kimepanda kweli, au kipimo ndicho kilichobadilika?

Kinachotajwa ni kipato cha kati, yaani cha kaya iliyo katikati zote zikipangwa kuanzia ya chini hadi ya juu. Tajiri mmoja hawezi kukipotosha kama apotoshavyo wastani.

Hata hivyo, kaunti yenye watu wachache huwa na kaya chache mno zinazohojiwa. Takwimu kamili za mwaka mmoja hutolewa kwa maeneo yenye watu 65,000 na zaidi. Kwa kaunti zote, Idara ya Sensa huchanganya mahojiano na kumbukumbu za kodi na za msaada wa chakula, kisha hukadiria.

Mwaka 2005 utafiti unaotumika ulibadilishwa. Anayelinganisha 2004 na 2005 bila tahadhari, au asiyeondoa mfumuko wa bei, hujidanganya.

Mpango huo huo hukadiria idadi ya watoto maskini, na kwa idadi hiyo serikali kuu hugawa fedha za shule. Makadirio yakikosewa, anayeumia ni mwanafunzi.