Ni Nani Aliyeyanywa Maji ya Tabaka?

Mgeni afikapo Kisii kwa mara ya kwanza, akayaona mashamba ya ndizi na majani chai yaliyofunika vilima hadi kileleni, hawezi kuamini kwamba katika nchi hii yenye mvua ya kupita milimita 1,500 kwa mwaka kuna mama anayeamka saa kumi za alfajiri ili awahi foleni ya maji. Sisi wenyewe twaona taabu kumweleza. Hata hivyo ndivyo ilivyo kila kiangazi cha Januari na Februari kinaporefuka. Chemchemi iliyokuwa ikitiririka hudondoka. Mtungi uliokuwa ukijaa huku mtu akimjulia jirani hali, sasa hujaa baada ya habari zote za kijiji kwisha kusimuliwa. Vijana wa bodaboda hufunga mitungi minne nyuma ya pikipiki wakapita wakiuza, na asiye na fedha hushuka hadi mtoni, ambako ng'ombe wamekwisha kutangulia.

Ukame huu wa kwetu hauna jina serikalini. Mamlaka ya kitaifa ya kukabiliana na ukame hufuatilia kaunti 23 zilizo kame na nusu kame, na Kisii haimo. Mwezi wa Februari mwaka 2017, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza ukame kuwa janga la kitaifa, macho yote yalielekezwa kaskazini, na ilikuwa haki yaelekezwe huko, kwani huko mifugo ilikuwa ikifa na watu wakilala njaa. Ikawa vivyo hivyo kuanzia mwaka 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo katika Pembe ya Afrika. Hatuwaonei kijicho ndugu zetu hao msaada waliopewa. Tunalotaka lifahamike ni kwamba mahali panaposifiwa kwa rutuba hapana anayekuja kupima chemchemi, na jambo lisilopimwa haliingii katika makadirio ya fedha za umma.

Basi ni nani aliyeyanywa maji? Tuanze kwetu nyumbani, ndugu wasomaji, kabla hatujamnyoshea mtu kidole.

Teremka katika bonde lolote la Mugirango Kusini uhesabu mikaratusi. Mti huu uliletwa kutoka Australia enzi za ukoloni. Hukua upesi, ng'ombe hawauli, na baada ya miaka michache huuzwa kuwa nguzo za umeme, mbao za ujenzi na kuni za kukaushia majani chai viwandani. Baba mwenye robo ekari na watoto watatu shuleni hapandi mkaratusi kwa sababu ya uovu. Anapanda karo. Na kwa kuwa sehemu ya juu ya shamba ina nyumba, mahindi na migomba, mti huo husukumwa bondeni, penye unyevu, palipokuwa pakiota nduma na matete. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta Kisii watu zaidi ya 950 katika kila kilomita ya mraba. Kila kipande cha ardhi kimekwisha kupewa kazi, na bonde nalo likapewa yake. Lakini mti unaokua kwa kasi hunywa kwa kasi, na ukiwa umesimama penye chemchemi hunywa mchana na usiku, kiangazi na masika.

Sheria ipo. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitenga ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto ambao haufai kuguswa. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na mito na vyanzo vya maji iondolewe. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 nayo yasema kwamba rasilimali za maji zimo mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa amana ya wananchi. Maana yake, anayemiliki shamba lenye chemchemi hajamiliki maji yake. Agizo lilisikika barazani, na mahali pengi miti ikabaki imesimama. Mwenye shamba aliambiwa ang'oe, hakuambiwa atalipa karo kwa nini. Tena mkaratusi ukikatwa huchipua kutoka kisikini, hivyo anayeukata na kuuacha hapo amevuna tu, hakuondoa kitu.

Kwa maoni yetu, haina haja ya kuifyeka kila mikaratusi wilayani kwa hasira. Iliyo juu ya vilima na ibaki, imsaidie mwenyewe. Iliyo katika ukanda wa maji ing'olewe na visiki vyake, na mahali pake pawekwe mwanzi, mkuyu na nduma, miche ikitolewa bure na wale wanaotuhimiza kila siku tupande miti. Novemba 13, 2023, nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili ipande miti, na wengi wetu tulipanda kwa moyo mmoja. Swali la mti gani, na mahali gani, lilisikika mara chache mno.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kijijini, na kwamba penye bwawa kubwa na mabomba hapana shida. Na wautazame mji mkuu. Bwawa la Ndakaini katika Murang'a lilikamilika mwaka 1994, na likijaa hubeba mita za ujazo milioni 70. Ndilo linaloinywesha Nairobi sehemu kubwa ya maji yake. Mvua zilipokosekana mwishoni mwa mwaka 2016 lilishuka chini ya nusu, na tangu Januari mwaka 2017 maji ya Nairobi yakawa ya zamu. Jambo la kutafakari ni jinsi zamu ile ilivyogawanya watu. Mwenye tangi kubwa na kisima cha kuchimbwa uani hakujua kwamba kuna upungufu hadi aliposoma gazetini. Mkaazi wa Mathare au Kibera, ambaye hata mwaka wa neema hununua maji kwa mtungi, na kwa bei inayozidi ile ya mwenye bomba kwa kila lita, ndiye aliyebeba ukame ule kichwani. Nao wazee wa Murang'a, ambao mito yao hulijaza bwawa, walikuwa wakilalamika kwamba bomba lapita shambani mwao likienda Nairobi na wao hawapati hata tone.

Mwaka uliofuata ulimwengu mzima ulitazama Cape Town, Afrika Kusini. Februari mwaka 2018 kila mkaazi aliamriwa asizidishe lita 50 kwa siku, na mji ukaponea chupuchupu hadi mvua ziliporudi. Watu walihurumiwa sana kwa lita zile 50. Sasa na tufanye hesabu ya hapa. Familia ya watu sita ikileta mitungi sita ya lita 20 kwa siku, kila mtu amepata lita 20, nacho ndicho kiwango ambacho wataalamu wa afya duniani huona kuwa cha chini kabisa cha kunywa, kupika na kunawa. Mitungi sita ni safari tatu za watu wawili, kushuka na kupanda mlima. Choo cha kuvuta maji cha mjini humeza lita 9 kila kinapovutwa. Mara mbili, na sehemu ya siku nzima ya mtoto wa Tabaka karibu imekwisha. Kwa hiyo mtu akija kutuhubiria kwamba wananchi wa vijijini wajifunze kubana matumizi ya maji, na aanze kwanza kwa kuuinua mtungi mmoja kutoka bondeni.

Pamoja na hayo, Tabaka ina matumizi yake ambayo hayapatikani kwingine, nayo ni jiwe la sabuni. Wanaume huchimba na kuchonga. Aghalabu ni kina mama wanaokaa uani na beseni la maji, wakisugua sanamu kwa msasa ulioloweshwa hadi iwe laini, wakisuuza na kusugua tena kabla ya kupaka rangi au nta. Bila maji kazi hiyo husimama. Kiangazi kinapobana, mama huyo hulazimika kuchagua kati ya beseni la sanamu na sufuria ya chakula, na wengine hujaribu kusugua jiwe likiwa kavu. Twawasihi wasifanye hivyo hata kidogo. Unga wa jiwe ukivutwa puani kwa miaka huharibu mapafu, na hasara yake haitafidiwa na bei ya vifaru na visahani wanavyouziwa watalii. Maji ya msasa yakiachwa usiku kucha, unga huzama chini. Asubuhi yaliyo juu humiminwa polepole katika beseni jingine na kutumika tena. Wengi wanafanya hivi tayari bila kufundishwa na mtu. Mnunuzi wa sanamu ambaye hupunguza bei kila mwaka na ajue kwamba mtungi wa maji ulionunuliwa kwa bodaboda nao umo ndani ya sanamu ile.

Hatutaki pia kuliacha suala la usafi, kwa maana maji yakipungua uchafu huongezeka. Watafiti waliofanya kazi Busia walionyesha kwamba chemchemi ikijengewa vizuri, kwa ukuta, bomba la kutokea na mtaro wa kuyazuia maji ya mvua kwa juu, vijidudu vya kinyesi hupungua kwa thuluthi mbili pale pale chemchemini. Lakini maji yale yale yalipopimwa nyumbani, upungufu ulikuwa wa robo hivi. Mengine yalirudi njiani na jikoni: mtungi usiosuguliwa ndani, kikombe cha kuchotea kilichopita mikononi mwa watoto wote. Hata hivyo kuhara kwa watoto kulipungua kwa takriban robo, na mzazi aliyewahi kukesha wodini na mtoto aliyekauka midomo hahitaji kuelezwa thamani ya robo hiyo. Mtungi wenye kifuniko na mdomo mwembamba ni sehemu ya chemchemi.

Sasa tutazame juu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Nyumba ya mita nane kwa tano ina paa la mita za mraba 40, na kwa mvua yetu ya milimita 1,500 paa hilo hupokea lita 60,000 kwa mwaka. Tutoe moja kwa tano kwa ajili ya yanayomwagika na yale ya kwanza yanayoosha vumbi. Zabaki lita 48,000. Familia yetu ya watu sita, kwa mitungi yake sita, hutumia lita 43,800 kwa mwaka. Yaani maji ya mwaka mzima huanguka juu ya vichwa vyao, yakapita mlangoni, yakachimba korongo barabarani, yakaenda zake Ziwa Victoria. Kinachokosekana ni gata na tangi. Tangi la lita 5,000 laweza kuivusha familia hiyo siku 40 bila tone la mvua. Bei yake ndiyo kikwazo, wala hatuwezi kujifanya hatukioni. Mama anayeuza ndizi sokoni hawezi kulinunua kwa mkupuo.

Lakini kanisa laweza. Jengo la mita 20 kwa 10 hukusanya, kwa hesabu ile ile, lita 240,000 kwa mwaka. Ni makanisa mangapi kati ya Tabaka na Ogembo ambayo yana spika kubwa na hayana gata? Tumechanga kwa ajili ya vigae, tukachanga kwa ajili ya gari la mchungaji, na wanasiasa wakaja na bahasha zao wakapigiwa makofi. Harambee moja ya matangi ingewafaa washiriki na wasio washiriki, na mwanasiasa atakayetaka kuchangia na alete risiti ya tangi badala ya hotuba.

Twafika sasa kwa wenye mamlaka, kwa kuwa kazi ya kubeba haiwezi kuachiwa wananchi peke yao milele. Mpango mkuu wa maji wa mwaka 1974 uliahidi kwamba ifikapo mwaka 2000 kila nyumba nchini itakuwa na maji safi umbali wa karibu. Mwaka 2000 ulikuja ukapita. Katika miaka ya chama kimoja tulizoea kuambiwa kwamba bomba hufuata kura, na anayehoji ni mpinzani wa maendeleo. Watu walipopigania mageuzi, walikuwa wakipigania pia haki ya kuuliza bomba liko wapi bila kukamatwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, ikaandika kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Ikakabidhi huduma za maji kwa serikali za kaunti, na ikaamuru wananchi washirikishwe katika matumizi ya fedha. Neema hii haipelekwi tena Nairobi kuombwa kwa magoti. Imo Kisii mjini.

Na hapa twaomba wanaharakati waifungue kalenda. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 huitaka kila kaunti iwasilishe bungeni mwake waraka wa mkakati wa fedha kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Waraka ule ndio unaoamua ni idara gani itapata kiasi gani. Maana yake ni kwamba vipaumbele vya kaunti huandikwa katika miezi ile ile ambayo mama yuko foleni saa kumi za alfajiri. Yeye hawezi kufika mkutanoni kwa sababu anatafuta maji, na mkutanoni maji hayatajwi kwa sababu yeye hayupo. Waliofika husema barabara na taa za sokoni.

Kwa hiyo kila kikundi cha kina mama, kila jumuiya ndogo ya waumini, na kila chama cha wachongaji kianze Januari kuandika karatasi moja: jina la chemchemi, idadi ya nyumba zinazoitegemea, mwezi inapoanza kupungua, dakika za kujaza mtungi mmoja, mikaratusi iliyo karibu nayo, na kama imejengewa au la. Karatasi hizo zifikishwe kwa mwakilishi wa wadi kabla ya Februari 28, naye atie sahihi kwamba amezipokea. Nakala zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, na zisibanduliwe hadi makadirio yatakapopitishwa mwezi wa Juni, ili kila mtu alinganishe mwenyewe.