Stika ya i7 haichezi gemu

Picha inaingia WhatsApp kutoka Kariakoo: kasha jeusi la Dell juu ya kaunta, stika ya buluu imesogezwa karibu na kamera, na chini yake maneno machache, "Core i7, RAM 8, mashine ya gemu, bosi." Kijana wa Ngamiani anahesabu akiba yake, anatuma hela kwa simu, na kesho yake mzigo unapanda basi, unapita Chalinze, Segera, Muheza. Anapoufungua hapa Tanga, muuzaji yuko zaidi ya kilomita 300. Kuurudisha ni nauli nyingine na ugomvi juu yake.

Imani iliyomfikisha hapo ni kwamba i7 ndiyo kompyuta ya gemu, na i5 na i3 ni za kuchapia barua. Naisikia Chumbageni, naisikia Pangani, tena vinywani mwa mafundi wanaojua kufungua mashine. Ni imani ya uongo, na wanaoilipia ni watoto wasio na hela ya kupoteza.

i7 si cheo. Ni jina ambalo Intel ilianza kulibandika kwenye prosesa zake mwaka 2008. Core i7-2600 ya 2011 ina kore 4. Core i7-7500U ya laptopu, ya 2016, ina kore 2 tu. Core i7-14700K ya 2023 ina kore 20. Zote zinaitwa i7. Halafu chukua Core i3-12100F ya 2022, ile ambayo kijana wetu angepita bila kuitazama: ina kore 4 na nyuzi 8, idadi ile ile ya i7-2600, lakini kila kore yake inafanya kazi nyingi zaidi kwa sekunde moja. Umri wa prosesa umo kwenye namba inayofuata kistari. 3770 ni kizazi cha tatu. 12100 ni cha kumi na mbili. Stika ya kwenye kasha haiandiki namba hiyo, na ndiyo sababu muuzaji anapiga picha stika.

Nakubali kwamba i7 huishinda i5 ya kizazi chake. Lakini kwa nani, na kwa kazi gani?

Mpwa wangu alinunua OptiPlex 7010 yenye i7-3770 ya 2012. Gemu ya mpira ikawa inakwama kila winga akianza kukimbia. "Mjomba, lakini si ni i7?" aliniuliza, na sauti yake iliniuma. Prosesa haikuwa na kosa. Uwanja, nyasi na wachezaji vilikuwa vinachorwa na HD Graphics 4000 iliyomo ndani ya prosesa hiyo, kwa kuwa kadi ya grafiki hakuwa nayo kabisa. EA wenyewe, kwa gemu yao ya mpira, FC 24, waliandika kiwango cha chini: Core i5-6600K na kadi ya GTX 1050 Ti. Wameandika i5, tena pamoja na kadi. Ile nyongeza aliyolipa mpwa wangu ili apate i7 badala ya i5 kwenye Dell ile ile ndiyo ingekuwa mwanzo wa kununua kadi.

Na kadi nayo haichomekwi tu. Pawasaplai ya 7010 ya kasha kubwa ni ya wati 275, na haina plagi ya kulisha kadi nzito. Kadi ya RX 580 peke yake inakula wati 185. Nimeona fundi akiunga kwa waya wa hadi diski, na nimeona waya huo umeyeyuka. Kwa mashine hizi, kadi inayofaa ni kama zile GTX 1650 zisizo na plagi, zinazokula wati 75 kutoka kwenye mazabodi. Ukichukua OptiPlex 9020, pawasaplai yake ina plagi ya pini 8 badala ya 24 za kawaida, kwa hiyo huibadilishi kwa ya kawaida bila adapta. Hapa kwetu umeme unapanda na kushuka, na upepo wa chumvi unaingia mpaka kwenye skrubu. Hela ya pawasaplai nzuri na stebilaiza inatangulia hela ya i7.

Umri wa prosesa unagusa hata Windows: msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inaikubali rasmi i3-8100 ya 2017 na kuikataa i7-4790 ya 2014. Bado stika ya pili ndiyo inayouzwa ghali.

Basi kijana, kabla hujatuma hela, mwambie muuzaji awashe mashine, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, afungue ukurasa wa Performance, akupigie picha jina zima la prosesa. Kisha afungue kasha akupigie picha lebo ya pawasaplai. Ni kazi ya dakika tano. Akikujibu kwa kukutumia tena picha ya stika, hela yako ibaki kwenye simu.